Saa 72 za PEP zinaanza pale kondomu inapopasuka

Kondomu ikipasuka Jumamosi saa nne usiku, mwisho wa kuanza PEP, yaani dawa za dharura za kuzuia VVU baada ya hatari ya kuambukizwa, ni Jumanne saa nne usiku. Wengi huikosa kwa kosa moja: wanasubiri CTC, kliniki ya huduma za VVU, ifunguliwe Jumatatu. Siku hiyo kuna kazi, kuna foleni, keshokutwa wanakuja wamechelewa. Tafadhali usisubiri. Uko Arusha, nenda dharura pale hospitali ya Mount Meru; uko Moshi, nenda hospitali ya Mawenzi, hata usiku wa manane. Tena saa 72 si ruhusa ya kujivuta, maana dawa inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa chache za mwanzo.

Ukifika sema wazi, "Naomba PEP," utaje na saa ya tukio. Utapimwa VVU, lakini dozi ya kwanza isicheleweshwe kwa kusubiri majibu mengine ya maabara. Aliyebakwa aanze hospitali, fomu ya polisi, PF3, itafuata, na aulizie pia dawa ya kuzuia mimba. Aliyechomwa na sindano aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asiminye kidonda, asimwagie jiki.

Kwa kawaida utapewa kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kwa siku 28. Hapa ndipo watu wanapoharibu: kichefuchefu kikianza siku ya tatu, wanaacha. Kimeze baada ya chakula cha jioni. Kikikukosesha usingizi, muulize mhudumu akuhamishie asubuhi. Dawa ya kiungulia ya kutafuna yenye magnesiamu au aluminiamu hushika dolutegraviri tumboni isifyonzwe, basi itumie saa 2 baada ya kidonge au saa 6 kabla yake. Unatumia dawa za TB? Sema mapema, kwani rifampisini hulazimu dozi ya dolutegraviri iongezwe. Na usiazime vidonge vya jirani: huenda si mchanganyiko unaokufaa, na yeye utamwacha na upungufu.

Rudi kupima baada ya wiki 6, kisha miezi 3. Hadi hapo tumia kondomu, usichangie damu.

Kama umerudia PEP mara mbili, omba PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari: kidonge kila siku, kipimo cha VVU kila miezi 3. Siku 7 za mwanzo usikitegemee peke yake. Mwanamke aongeze kondomu hadi siku 21. Kaswende na kisonono hakizuii. Mwenye homa ya ini B asiache PrEP ghafla bila daktari, ini linaweza kuwaka upya.