Ndugu wawili na kamera moja: jibu kwa yule wa Bukavu

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na dada yako mtaweza kupiga dokumentari pamoja bila kuvunja undugu, na muanze kutazama kazi za nani. Mimi na mdogo wangu tumefanya hivyo hapa Goma miaka saba sasa, acha nijibu.

Anzeni na Albert na David Maysles, Wamarekani wa Boston. Wote ni marehemu: David alifariki 1987, Albert 2015. Albert alikuwa mtu wa saikolojia kabla ya kushika kamera, na mwaka 1955 alikwenda Umoja wa Kisovieti kupiga filamu ndani ya hospitali za wagonjwa wa akili. Kazi waligawana hivi: Albert kamera, David sauti. Hawakuweka msimulizi wa kukueleza uone nini.

Watu humsifu Albert. Mimi namsifu David, tena nina sababu.

Tulikuwa tunamfuata msukuma tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayeteremsha viazi na kabichi kutoka Kibumba. Mimi nimekaa nyuma ya pikipiki nikimpiga picha akiteremka, goti moja juu ya ubao, vumbi la volkano likipanda nyuma yake kama moshi. Picha tamu! Tulipofika soko la Virunga akashusha mzigo, akalipwa, akaketi juu ya gunia tupu. Kwangu kazi ilikuwa imekwisha, nikaanza kufunga kamera. Mdogo wangu, mshika sauti, kaske ya kusikilizia bado masikioni, akanivuta shati. Nikamsukuma. Akavuta tena. Yule baba alikuwa anahesabu noti kwa sauti ya chini kabisa: hii ya minervali (karo ya shule), hii ya deni, hii ya unga... akifika mwisho anaanza upya, kana kwamba safari hii zitaongezeka. Nilichelewa kugeuka, nikapata kisogo chake tu. Lakini sauti ilikuwa kamili.

Tulipoionyesha mtaani Majengo, hapa Goma, shuka ukutani, watu walipiga kelele filamu nzima. Hapo tu ndipo waliponyamaza.

Mtu wa kukodi asingethubutu kunivuta shati mara mbili. Huyu amenivuta tangu utoto.

Sasa tazameni Salesman ya Maysles: wauzaji wanne wa Biblia wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Sikilizeni ule ukimya mteja anapotafuta namna ya kusema hana pesa. Aliyewahi kutembeza bidhaa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, anaujua. Kisha Grey Gardens ya 1975, mama na binti, jamaa za Jacqueline Kennedy, wanaishi katika nyumba kubwa inayooza. Wapo waliolalamika kwamba wanawake wale walitumiwa. Mimi pia ilinisumbua. Nilipoirudia niliona jinsi binti alivyofurahia kuwa na watu wa kumtazama. Bado sijaamua kabisa.

Kugombana mtagombana, ila si kwenye kupiga picha. Ni kwenye montaji, yaani kuhariri filamu. Mimi nilitaka mteremko wangu wa vumbi uende dakika nne, yeye anataka ukatwe. Tulinuniana miezi miwili, mama akawa anatupakulia sahani mbalimbali. Mwisho dada yetu, ambaye hakuwa amekanyaga Kibumba hata siku moja, akakaa kwenye kompyuta. Vumbi langu akaliachia sekunde kumi na moja. Akina Maysles walikuwa na Charlotte Zwerin: aliyehariri Salesman, naye akaandikwa mwongozaji pamoja nao. Mtafuteni wa kwenu kabla hamjapiga chochote, na awe mtu asiyewaogopa.

Pesa ikiwa kidogo, nunueni mikro nzuri kabla ya lenzi ya pili. Nani aishike? Angalieni kati yenu ni nani anayeweza kukaa kimya saa nzima. Kwetu haikuwa na mjadala, urefu wa jibu hili unajieleza.