Tunataka matuta mtaani, tuanzie wapi?

SWALI: Mtaa wetu huku Tabata tangu uwekwe lami bodaboda zinapita kama zinafukuzwa, juzi mtoto wa jirani kakoswakoswa, sasa vijana wanataka tuchange tumwage zege wenyewe usiku, ni sawa?

JIBU: Msimwage ndugu zangu! Tuta la kienyeji halina rangi wala kibao, mwenye pikipiki akilivaa gizani anaruka na mtatafutwa nyie. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, zile kubwa ndo za TANROADS, kwa hiyo mwoneni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, muhtasari na saini zenu zipelekwe TARURA wilayani. Na msiombe tuta moja, dereva anafunga breki pale halafu anakanyaga mafuta upya, kwetu tunalo hilo.