Jibu: Kuchangia damu wiki moja kabla ya mitihani
Habari, ndugu. Umeuliza iwapo kuchangia damu wiki moja kabla ya mitihani kutakuvurugia masomo. Mimi si daktari, ila nimechangia mara nne nikiwa chuoni, na ningekushauri utazame kwanza usingizi na chakula chako, kwa sababu siku niliyoishiwa nguvu kitini nilikuwa nimekesha nikisoma, tena sijanywa hata chai. Mfuko mmoja huchukua takriban mililita 450. Majimaji yake hurudi mwilini baada ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huhitaji wiki kadhaa. Basi, ikiwa umefikisha kilo 50 na kipimo cha wingi wa damu kimekuruhusu, nenda asubuhi ukiwa umekula, na usiku huo usikeshe. Ikiwa hofu ya mtihani imeshakunyima usingizi, subiri umalize karatasi ya mwisho. Hata hapo mchango wako utafaa, kwa sababu damu huadimika zaidi wanafunzi wakiwa likizo.