Kaunti mbili zinanidai kibali: mpaka nani aukate?

SWALI: Wakili, nina duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, mahali kaunti mbili zinapogombea mpaka. Januari nililipia kibali cha biashara. Machi wakaja askari wa kaunti ya pili, wakaniambia kibali kile nifungie maandazi, nilipe kwao. Lori langu la mchanga nalo linatozwa sesi, ile ada ya kaunti kwa bidhaa zinazosafirishwa, mara mbili ndani ya kilomita chache. Kwa nini IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka ya Kenya, haiji ikapima mpaka tupumue? Na mimi nilipe wapi?

JIBU: Ndugu yangu, hukutaja kaunti, nami sitabahatisha. Tuanze na IEBC, maana kosa hilo nalisikia hata kwa wawakilishi wadi. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaipa IEBC mipaka ya maeneo bunge na wadi, basi. Mpaka wa kaunti uko kwenye Kifungu cha 188, na mlango wake ni mwembamba: Bunge liunde tume huru ya kazi hiyo, tume ipendekeze, kisha azimio lipite kwa theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Kwa kaunti 47, hizo ni kura 32. Seneta gani atarudi nyumbani akawaambie watu wake amesaidia kutoa kipande cha ardhi yao?

Ukifungua Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010 ukitafuta ramani, hutaiona. Kuna nambari na majina tu: Kwale ni ya 2, Taita/Taveta ni ya 6. Mistari yenyewe ni ya wilaya za sheria ya 1992, na nyingi kati ya hizo zilirithi kazi ya tume ya mipaka ya 1962, ambayo Waingereza waliituma kusikiliza nani yuko radhi kukaa na nani chini ya majimbo, yaani serikali za mikoa. Kufikia mwisho wa 1964 majimbo yalikuwa yamezikwa, mistari ikabaki. Enzi za mkuu wa wilaya, duka lako kuwa upande huu au ule halikumkosesha mtu usingizi. Tangu 2013 kuna gavana, kuna bajeti, kuna mgao unaotazama idadi ya watu, na kila kibanda kina thamani.

Chukua mfano mmoja. Dereva yeyote wa Mombasa–Nairobi anaijua Mackinnon Road: reli, malori, na ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali pembeni mwa njia ya treni. Jina ni la tajiri Mskoti wa kampuni iliyotawala hapa kabla ya serikali ya Kiingereza. Katika orodha ya uchaguzi ni wadi ya eneo bunge la Kinango, Kwale. Taita Taveta wanasema ni kwao. Wadi inaonyesha nani anahudumia leo. Kuhusu mpaka wa kaunti ni ushahidi mmoja tu. Hata hatimiliki yako ni hivyo hivyo.

Serikali mbili zikigombana, Kifungu cha 189 na sheria ya mahusiano ya serikali ya 2012 zinataka zizungumze kwanza, zipitie wapatanishi, ndipo ziende kortini. Njia hiyo ni ya magavana. Wewe mfanyabiashara huna kiti pale, na kwa maoni yangu huo ndio upungufu mkubwa wa sheria ile.

Sasa pesa zako. Kibali endelea kulipia kwa kaunti inayoendesha wadi yako. Wale wa pili waombe kwa maandishi kifungu cha Sheria yao ya Fedha ya mwaka huu wanachokitumia, kwa sababu Kifungu cha 210 kinasema ushuru au ada ya leseni haitozwi bila sheria. Wakija na kufuli, lipa, lakini siku hiyo hiyo peleka barua kwamba umelipa ukipinga, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila barua hiyo, kudai marejesho baadaye ni kazi ngumu.

Kwenye lori una hoja nzito zaidi. Kifungu cha 209(5) kinakataza kaunti kutumia ushuru wake kwa namna inayoathiri biashara ya kuvuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Hiyo ni kesi ya Mahakama Kuu, na Kifungu cha 258 kinakuruhusu kuifungua kwa niaba ya wenzako pia. Mkiwa ishirini, ada ya wakili haiumi.

Nitumie picha za risiti zote mbili za sesi za siku moja, pande zote. Nataka kuona kama ile ya pili ina nambari, au ni ya kitabu cha dukani.