Klorini ipo, mwani nao upo: bwawa langu lilivyonisumbua

"Ongeza dawa, bosi." Fundi wangu wa bwawa alikuwa na jibu hilo moja tu, na mimi nikawa naongeza. Kila Jumamosi vidonge vitatu vikubwa vya klorini, vile vya gramu 200, vinaingia kwenye kikapu. Kila Jumatano ngazi zinateleza tena kama mlenda. Siku mtoto wa dada yangu alipoteleza akapiga kidevu kwenye ukingo, nilifunga bwawa na kuanza kujifunza mwenyewe.

Bwawa lenyewe lipo nyuma ya nyumba, Kigamboni. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu, kwa hiyo ni lita 48,000 hivi. Piga hesabu ya lako kabla hujanunua hata kopo moja la dawa. Miaka yote nilikuwa natia kwa kukisia, kama chumvi ya mchuzi.

Kilichonichanganya ni kwamba kipimo kilikuwa kinaonyesha klorini ipo. Miligramu 4 kwa lita, tena rangi imekolea vizuri. Sasa mwani unaotaje humo? Na haukuwa ule wa kijani peke yake. Kona iliyo chini ya kivuli cha mkungu, kwenye saruji ya katikati ya vigae, palikuwa na vidoa vyeusi vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ukisugua, juu panatoka, wiki ijayo virudi palepale.

Jibu lilikuwa ndani ya vidonge vyenyewe. Vinabeba klorini pamoja na asidi ya sayanuriki, ambayo wauzaji wanaiita stebilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua, na kwa jua letu hili ni kitu cha lazima: bila hiyo, dawa uliyotia asubuhi adhuhuri huioni. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha, stebilaiza hubaki. Haikaushwi na jua, haichujwi na mchanga wa chujio. Kwa bwawa la ukubwa wa langu, kila kidonge huacha miligramu 2 na ushee kwa lita. Vitatu kwa wiki, kwa miezi sita au saba, jaza mwenyewe. Ikishazidi, huishikilia klorini kiasi kwamba kipimo kinaiona lakini mwani hauisikii.

Kwa hiyo nunua kipimo cha stebilaiza. Ni kile kichupa ambacho maji yanageuka kama maziwa, unaangalia hadi kidoa cheusi cha chini kipotee machoni. Changu kiligota kwenye miligramu 100 kwa lita, mwisho wa alama. Nikachanganya maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji safi, nikapima tena: 80. Maana yake bwawani mlikuwa na 160. Inayofaa ni kati ya 30 na 50.

Sijapata dawa ya kuaminika ya kuipunguza zaidi ya kumwaga maji. Nilimwaga nusu, nikajaza, ikashuka hadi 80. Nikamwaga nusu tena, ikafika 40. Maboza matano ya lita 10,000, na mke wangu bado ananikumbusha bei. Usimwage yote kwa mkupuo, hasa masika. Huku kwetu maji ya ardhini yako karibu sana, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au likainuka kama ngalawa. Jirani alinicheka kwa uoga huo. Sikujali.

Baada ya hapo ndipo vita vyenyewe. Nilishusha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, hadi 7.2 kwa asidi kwanza, kwa sababu klorini hulegea pH ikipanda, na ukishatia klorini nyingi kipimo cha pH nacho hudanganya. Kisha brashi. Kwenye vile vidoa vyeusi nilitumia brashi ndogo ya waya usioshika kutu, kwenye saruji tu, maana vigae vinachubuka. Mwani mweusi una ngozi juu na umejishikiza ndani ya vinyweleo vya saruji. Usipouchubua, dawa inapita juu yake. Kama bwawa lako ni la fibaglasi au la turubai, waya usiuguse kabisa, tumia brashi ya nailoni.

Jua lilipozama nikatia klorini ya unga, ile ya kalisi yenye nguvu ya asilimia 65, kama kilo 1.2, ili nifike miligramu 16 kwa lita. Ndoo ijazwe maji kwanza, unga ufuate. Na hapa naomba unisikilize vizuri: unga huu na vile vidonge visikutane vikiwa vikavu au na unyevu kidogo, hata kwenye kikombe kimoja cha kupimia. Vinawaka, vinaweza kulipuka. Kila kimoja na chombo chake, kabati lake.

Pampu ilizunguka usiku na mchana kwa siku tano. Kila jioni napima, narudisha klorini pale pale 16, nasugua tena. Maji yaligeuka kutoka kijani kuwa kama maji ya kuoshea mchele, ambayo ni dalili njema, ni mwani uliokufa. Presha ya chujio ikipanda nusu baa juu ya kawaida, nalisafisha kwa kurudisha maji kinyume. Hakuna aliyeogelea hadi klorini iliposhuka yenyewe.

Utajuaje umemaliza? Usiamini macho. Pima klorini giza likiingia, pima tena kabla ya mapambazuko. Usiku hakuna jua la kuila, kwa hiyo ikipungua zaidi ya miligramu 1 kuna kitu hai kinaitafuna. Yangu ilikuwa inapungua 3, ilhali maji yameng'aa hadi unasoma shilingi iliyo chini.

Nilizunguka siku mbili natafuta. Mwisho nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikafungua taa ya ndani ya maji. Nyuma yake, kwenye lile tundu ambalo maji hayazunguki, palikuwa na utando mweusi mnene kama masizi ya sufuria ya kuni. Nikasugua, nikatia dawa, usiku ule klorini ikapungua nusu miligramu tu.

Vidonge vilivyobaki bado ninavyo. Navitumia nikisafiri.