Maswali ya Wasomaji: Kupima Kasi ya Kiendeshi cha Diski

Swali: Ndugu Mhariri, kiendeshi cha diski kilicho ndani ya kompyuta yangu kimeandikwa 48x kwa upande wa CD. Nilinakili faili moja ya megabaiti 690 kutoka kwenye CD iliyokaribia kujaa, na kazi ikachukua sekunde 150, ilhali kwa hesabu yangu ilipaswa kuisha kwa sekunde kama 100. Nilipoirudia papo hapo, ikaisha kwa sekunde chache tu. Je, kiendeshi kina hitilafu, na nikiamini kipimo kipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kiendeshi chako ni kizima, na kipimo cha kuaminika ni kile cha kwanza. Hesabu yako nayo haina kosa. Kilichokupoteza ni ile namba 48, ambayo watengenezaji huiandika kana kwamba ndiyo kasi ya safari nzima, kumbe ni kasi ya mwisho wa safari peke yake.

Alama ya 1x ni kasi ya CD ya muziki. Muziki wa CD huhitaji baiti 176,400 kila sekunde, na diski ya data, kwa kuwa hutenga sehemu ya kila sekta (kipande kidogo cha data) kwa ajili ya kusahihisha makosa, hubakiwa na kilobaiti 150 kwa sekunde. Kwa hiyo 48x ni kilobaiti 7,200, yaani takriban megabaiti 7 kwa sekunde. Hata hivyo, viendeshi vya kasi kubwa huizungusha diski kwa idadi ile ile ya mizunguko tangu mwanzo hadi mwisho, na data huanzia karibu na tundu la katikati ikielekea ukingoni. Mzunguko mmoja wa katikati ni mfupi, kwa hiyo data inayopita mbele ya lenzi ni kidogo. Ule wa ukingoni ni mrefu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kiendeshi cha 48x huanza kwenye 20x hivi, hupanda taratibu, na kuigusa 48x pale tu diski inapokaribia kwisha. Wastani wa diski iliyojaa huangukia katikati ya namba hizo mbili, yaani karibu 34x. Wewe ulipata megabaiti 4.6 kwa sekunde, ambazo ni sawa na 31x, na ndani ya sekunde zako 150 umo pia muda ambao diski ilikuwa ikianza kuzunguka. Hayo ni matokeo mema.

Kipimo cha pili hakikugusa diski. Mfumo endeshi huhifadhi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kile ulichokwisha kukisoma, na ukikiomba tena hukupa kutoka huko. Kabla ya kurudia kipimo chochote, itoe diski na kuirudisha, au uizime kompyuta na kuiwasha upya. Angalia pia unakonakili: ukilipeleka faili kwenye diski mweko ya zamani, utakuwa umeupima mweko huo. Anayetumia Linux ana njia safi zaidi, nayo ni amri ya kunakili iitwayo dd, ikisoma /dev/sr0 (jina la kiendeshi cha diski) na kumwaga data kwenye /dev/null, ambako hakuna kinachoandikwa wala kinachoweza kuchelewesha.

Kwa upande wa DVD, hesabu hubadilika, kwa kuwa 1x ya DVD ni kama megabaiti 1.385 kwa sekunde, yaani takriban mara tisa ya ile ya CD. Kiendeshi cha 16x hufikia megabaiti 22 ukingoni, na diski ya gigabaiti 4.7 iliyojaa huhitaji dakika tano au zaidi kidogo. Ukipima DVD yenye matabaka mawili, huenda ukaona kasi ikipanda hadi katikati ya kazi na kisha kushuka mfano wa kilima. Usishtuke, kwa sababu tabaka la pili kwa kawaida husomwa kutoka ukingoni kurudi ndani.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usitosheke na wastani. Tumia programu inayochora grafu ya kasi kwa diski nzima, kwa maana wastani huficha na grafu hufichua. Niliwahi kupima kiendeshi kilichotoa wastani wa kuridhisha, lakini katika theluthi ya mwisho mstari uliporomoka ghafla na mlio wa mota ukashuka, kisha ukapanda tena. Niliishika diski kwa ukingo na kuielekeza kwenye taa, nikaona alama ya dole gumba pale pale ambapo grafu iliporomoka. Nikaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje na si kwa kuzungusha, nikapima upya, na mstari ukapanda bila bonde. Kama ningeusoma wastani peke yake, nisingejua kitu, na kama ningekilaumu kiendeshi, ningekionea. Kwa hiyo pima kwa diski tatu au nne zilizo safi, mojawapo ikiwa imetoka kiwandani ikiwa na data zake. Bonde linalohama na diski ni la diski. Linalobaki mahali pamoja kwa kila diski ndilo la kiendeshi.

Swali: Kiendeshi changu cha nje cha DVD kinasoma kwa megabaiti 1 kwa sekunde, mwanzo hadi mwisho, kwa diski zote. Nifanye nini?

Jibu: Kichomeke kwenye mlango mwingine, moja kwa moja kwenye kompyuta. Kasi isiyopanda wala kushuka ni dalili kwamba kinachobana ni njia. Mlango wa USB wa toleo la 1.1 hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, ambazo kwa vitendo ni kama megabaiti 1, kwa hiyo hautoshi hata kwa 1x ya DVD. Toleo la 2.0, lenye megabiti 480, linakitosha kiendeshi cha DVD bila shida. Mara nyingi tatizo huwa ni kigawanyio cha zamani cha USB kilichowekwa kati ya kiendeshi na kompyuta.

Swali: Programu ya kupimia inaniambia kwamba CD niliyoichoma, yaani niliyoiandikia data, ina maelfu ya makosa ya C1, ingawa mafaili yote yanafunguka. Je, niitupe?

Jibu: Hapana. Makosa ya C1, yaani makosa madogo ya usomaji, yapo kwenye kila CD, hata mpya, na kiendeshi huyasahihisha kikiendelea kusoma. Usitazame jumla, bali idadi kwa kila sekunde ya diski: kiwango kinachokubalika kwa CD ni wastani usiozidi 220, na diski iliyochomwa vizuri hukaa mbali chini ya hapo. Linalopaswa kukutia wasiwasi ni C2, yaani makosa yaliyoishinda hatua ya kwanza ya usahihishaji. Hayo yakionekana, nakili data zako mapema. Kumbuka pia kwamba namba hizo huihusu diski pamoja na kiendeshi kilichoisoma, kwa hiyo linganisha diski zako kwa kiendeshi kile kile na kwa kasi ile ile.

Swali: Kiendeshi changu kinasoma DVD vizuri kabisa, lakini CD zinasomwa polepole na nyingine hazitambuliwi. Nilisafisha lenzi bila mafanikio. Tatizo ni nini?

Jibu: Dalili hizo zinaelekeza kwenye leza. CD husomwa kwa mwale wa infraredi, usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, na DVD kwa mwale mwekundu wa nanomita 650, kila mmoja ukitoka kwenye chanzo chake, ingawa katika viendeshi vingi yote miwili hupita kwenye lenzi moja. Lenzi ikichafuka, kwa kawaida aina zote mbili za diski huathirika. Kinapochoka chanzo kimoja, aina moja husumbua na nyingine husomwa kama kawaida, na ndivyo unavyoeleza.

Unaweza kulithibitisha hilo kwa diski tatu: CD ya kiwandani, CD ya kuchomwa mara moja, na CD ya kufutika. Hiyo ya mwisho huakisi mwanga kidogo sana ikilinganishwa na nyingine, kwa hiyo leza iliyodhoofika hushindwa nayo kwanza, huku ile ya kiwandani ikiendelea kusomwa. Ukipata mpangilio huo, acha kusafisha, kwa sababu kuisugua lenzi mara kwa mara huweza kuikwaruza au kulegeza nyaya nyembamba zinazoishikilia. Chagua CD zenye data usizo na nakala yake, uzinakili sasa kwa kasi ya chini kadiri programu inavyoruhusu, ukianza na zile zinazotambuliwa kwa taabu, kisha ukibadilishe kiendeshi.