Jibu: Diwani anasema ngoma haizalishi, tumwambie nini?

Mkuu, diwani wenu hapo Ujiji, anayepinga kikundi chenu cha ngoma kupewa hela za halmashauri kwa kuwa ngoma haizalishi, ana nusu ya hoja. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutengea vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni mkopo usio na riba, si ruzuku. Andiko lenu la kuomba mkopo likiishia kwenye "kukuza utamaduni", kamati itauliza marejesho yatatoka wapi.

Mwonyesheni mzunguko wa hela. Chukueni onyesho moja, mwandike kila shilingi inamfikia nani: fundi cherehani, mwambaji ngoma, mama lishe, bodaboda, mwenye jenereta. Kisha tenganisheni inayobaki Kigoma na inayoondoka. Mkikodi spika na jukwaa kutoka Mwanza, sehemu kubwa ya bajeti imeshapanda basi, na hoja yenu ya kukuza uchumi wa mji imeondoka nayo. Maandiko mengi hufia hapo. Ni afadhali mkope kununua vyombo vyenu, mvikodishe kwenye harusi siku ambazo hamchezi. Marejesho ya namna hiyo hata diwani mbishi atayaona.

Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), katiba ya kikundi na akaunti ya benki viwe tayari, na muwaone mapema afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii.

Mkitaka halmashauri igharamie tamasha lenyewe, hilo ni suala la bajeti, si la mkopo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo ukibisha hodi mwezi Mei utakuta hesabu zimeshafungwa.